Ng'ambo tunaiona, kivuko kimelala: kisa cha familia moja kando ya Mto Danube

Usuli

Bibi, mwenye miaka 60 na ushei, ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa. Alikuwa amekuja kumtembelea bintiye anayeishi kusini mwa Ujerumani, na katika mwezi wa pili wa matembezi yake akasema anatamani kupanda baiskeli tena. Baiskeli aliijua tangu usichana wake, ila alikuwa hajaikanyaga kwa miaka mingi, na sababu aliitaja mwenyewe: "Barabara zetu sasa si za mtu mzima. Matatu ikikupita, yaenda na leso yako."

Binti akakumbuka njia za kando ya mito ambako magari hayapiti, akanipigia simu. Nimeendesha baiskeli kwenye njia za mtoni na za pwani huku Ulaya kwa miaka kadhaa, kwa hiyo kazi ya kupanga nikapewa mimi. Tuliondoka watano: Bibi, mdogo wake wa kiume kutoka Tanga, fundi baiskeli wa siku nyingi, ambaye Binti humwita Mjomba nami nitamwita hivyo, Binti mwenyewe, mwanawe wa miaka 12, nitakayemwita Kijana, na mimi. Majina nimeyaondoa, umri nimeusogeza kidogo, na duka lililotukodisha baiskeli pamoja na nyumba tulizolala sitazitaja. Mpango uliokwenda kombo ulikuwa wangu, na ndiyo sababu ya kuandika.

Tulichagua Mto Danube, kutoka Passau, mji wa Ujerumani ulio mpakani, mpaka Vienna, mji mkuu wa Austria. Ni kilomita 320 hivi. Kipande hiki ni sehemu ya EuroVelo 6, njia ndefu ya baiskeli inayotoka pwani ya Atlantiki nchini Ufaransa hadi Bahari Nyeusi, zaidi ya kilomita 4,000. Watu wengi wasio na uzoefu huanzia hapa, na wana haki. Zamani mashua zilizopanda mto zilivutwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni, hivyo ukingo ulilazimika kuwa tambarare na usiokatika. Farasi wakaondoka, njia ikabaki, na tangu miaka ya 1980 ndiyo inayobeba baiskeli. Mto unashuka kutoka mwinuko wa mita 300 hivi Passau hadi mita 160 hivi Vienna, na upepo wa huko aghalabu hutoka magharibi, ndiyo maana karibu kila mtu husafiri akifuata mkondo.

Neno "bila magari" lahitaji maelezo kidogo. Kuna wenyeji wanaoruhusiwa kufika makwao kwa gari, kuna magari ya kutunza kingo, na kuna sehemu njia inapita ubavuni mwa barabara kuu, imetengwa lakini kelele unazisikia. Hata hivyo unaweza kwenda saa nzima usisikie ila cheni yako na maji.

Jambo lililotuponza ni jepesi kulitaja: mto una kingo mbili. Njia iko pande zote mbili, lakini haziko sawa. Ukingo wa kusini unaendelea bila kukatika kutoka Passau hadi Aschach. Ukingo wa kaskazini unakatika mahali paitwapo Au, karibu na Schlögen, pale Danube inapojipinda kama nyoka na msitu unashuka mpaka majini. Hapo kuna vivuko vidogo vya msimu vinavyobeba watu na baiskeli, kimoja cha kuvuka kwenda Schlögen, kingine cha kwenda na mto hadi njia inapoanza tena. Mimi nilichagua kaskazini, kwa kuwa kuanzia Jochenstein kwenda Au magari hupotea kabisa na Bibi angepata alichokifuata. Nyumba ya kulala ilikuwa Schlögen, ukingo wa kusini. Katika mpango niliandika "kivuko". Neno hilo moja, bila saa.

Siku ya kwanza

Ilikuwa nusu ya pili ya Septemba. Dukani tulifika mapema, lakini baiskeli moja kati ya tano haikuwepo, ikabidi tungoje iletwe. Ilipokuja, Mjomba akakataa kuondoka kabla hajazikagua zote. Alizungusha kila gurudumu akisikiliza, akabana spoku mbili, akarekebisha breki ya nyuma ya Kijana iliyokuwa ikigusa, akahakikisha taa zinawaka mbele na nyuma. Kisha akamkalisha Bibi kwenye baiskeli yake ya umeme na kumpandishia kiti mpaka kisigino kikigusa pedali ya chini mguu unanyooka. Bibi akataka kishushwe, nyayo zake zifike chini. Wakavutana, kikashushwa.

Tulipotoka Passau ilikuwa saa 7 na nusu mchana. Nilikuwa nimehesabu kutoka saa 4.

Kabla ya kuondoka mjini tulipita kwenye ukuta wa mnara wa jumba la mji, ambako wamechora alama za mafuriko ya karne kwa karne. Passau imekaa mahali ambapo Inn na Ilz zinaingia Danube, mito mitatu kwa pamoja. Alama ya Juni 2013, maji yalipofika mita 12.89, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1501, iko juu sana ya kichwa cha mtu. Kijana alinyoosha mkono, akaruka, hakuikaribia. Tulipiga picha tukaenda zetu.

Saa za mwanzo zilikuwa tamu. Bibi alianza kwa woga, vidole vimeng'ang'ania breki, na baada ya kilomita kumi nikamwona ameachia mabega. Kijana aligundua vibao vya ukingoni vyenye namba, na kwamba kila kibao namba inapungua. Nikamweleza kwamba Danube huhesabiwa kilomita kutoka mwishoni, kule inakomwagika Bahari Nyeusi, kwenda chanzoni. Passau iko kama kwenye 2226, na Vienna, penye daraja lake kuu, 1929. Tangu hapo akawa mtangaza namba wetu. Jochenstein, penye bwawa la umeme na mlango wa kupitishia meli, alisimama kutazama jahazi la chuma la mizigo likiingia kwenye handaki la maji na kuzama polepole mpaka likabaki paa. Nusu saa ikaenda. Hakuna aliyemharakisha, nami sikutazama saa.

Kwenye daraja la Niederranna, karibu saa 11 na nusu, Bibi aliuliza: "Hatuvuki hapa?" Alikuwa ameona nyumba upande wa pili. Nikamjibu kwamba kivuko kiko mbele, kama kilomita 7. Hatukusimama.

Tulifika Au saa 12 na dakika 20. Jua lilikuwa halijatua kwa saa za almanaka, lakini bonde pale ni korongo, na kivuli kilikwisha kutufunika. Kulikuwa na gati dogo la mbao, ubao wa nyakati, na namba ya simu. Saa za Septemba zilikuwa fupi kuliko za Julai, na safari ya mwisho ilikwisha kuondoka. Chombo chenyewe tulikiona kimefungwa ng'ambo, na nyuma yake madirisha ya nyumba tuliyolipia yameanza kuwaka taa. Maji ya kuvuka kwa dakika chache tu.

Bibi alishuka, akaegemeza baiskeli, akasimama kwenye ncha ya gati. "Kwani hakirudi?"

Likoni feri haina usiku. Saa tisa ya usiku watu wavuka, na anayekwenda kwa miguu halipi. Mtu aliyekua pale hajui kivuko kama kitu chenye mlango wa kufungwa. Kwake ni barabara iliyolala juu ya maji. Sikushangaa kwamba Bibi alifikiri hivyo. Nilichojifunza gatini pale ni kwamba na mimi, niliyeishi huku miaka yote hii, nilikuwa nimepanga kwa akili ileile.

Maamuzi ya gatini

Binti alipiga simu kwenye namba ya ubaoni. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga mara ya pili. Kisha, kabla hatujaamua lolote, akapiga nyumba ya kulala, akaeleza tuko wapi, tumekwama, na kwamba tutachelewa ila tutafika. Wakati ule niliona anapoteza dakika. Nilikuwa nimekosea.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kwenye simu ya Mjomba: ramani ilionyesha mstari wa nukta ukiendelea kupitia msituni kwenye ukingo uleule wa kaskazini. Yeye alitaka tuufuate, mbele lazima kuna kivuko kingine au kijiji. "Njia ya miguu nayo ni njia," alisema, na kwa mtu aliyesukuma baiskeli kwenye vichochoro vya mashambani maisha yake yote, neno hilo lina uzito. Mzee mmoja wa nyumba ya karibu, aliyetoka kuona kuna nini, alimwambia Binti kwa Kijerumani chao cha milimani kwamba huko ni njia ya wapanda milima, ina mizizi, ina mteremko, na upande mmoja ni mto. Nikaikataa. Baiskeli ya Bibi peke yake ilikuwa na kilo 25 bila mizigo, giza linaingia, na nukta za ramani hazisemi upana.

Ya pili ilikuwa teksi. Watu watano, baiskeli tano, mwisho wa kijinjia cha mtoni. Binti aliuliza mahali pawili, na kote jibu lilikuwa la watu bila baiskeli.

Ya tatu: kurudi kilomita 7 hadi daraja la Niederranna, kuvuka, na kushuka tena kilomita 7 na kitu ukingo wa kusini. Kilomita 15 hivi ili kufika mahali tunapopaona.

Nilianza kusema kwamba Bibi abaki na Binti kwa yule mzee huku sisi tukitafuta gari. Mjomba akanikatiza kwa upole: "Muulize mwenyewe." Nikamuuliza. Bibi alitazama taa za ng'ambo, akafunga leso kichwani vizuri, akasema magoti hayamsumbui, kinachomuuma ni makalio, na makalio yatauma akiwa ameketi popote. Turudi.

Tulipanga msafara. Mjomba mbele, Bibi nyuma yake akifuata taa nyekundu, kisha Kijana, Binti, na mimi mwisho. Betri ya Bibi ilikuwa imebaki robo, maana mchana kutwa alitumia nguvu ya juu bila mtu kumwambia. Tukaishusha hadi ngazi ya chini. Tulikubaliana kusimama kila kibao cha kilomita, kila mtu aitike jina lake.

Njia ya mtoni usiku haina taa hata moja. Ukungu ulikuwa ukinyanyuka kutoka majini kama mvuke wa sufuria, na mwanga wa taa zetu ulisimama ndani yake, hauendi mbali. Kijana alisoma vibao: 2188, 2189. "Bibi, namba zinapanda sasa." "Basi twarudi nyumbani," Bibi akajibu kutoka gizani. Jahazi la mizigo likatupita likipanda mto, kubwa kama mtaa, taa yake ya kijani ikielea peke yake. Muda mrefu baada ya kupita, mawimbi yakaja kupiga mawe ya ukingo chini ya miguu yetu. Darajani ndipo palipokuwa na magari, mita mia kadhaa tu, na hapo Bibi alishuka akaisukuma. Upande wa pili tukafuata njia ya baiskeli ya kando ya barabara.

Tulifika saa 2 na dakika 50 usiku. Jiko lilikuwa limefungwa rasmi, lakini kwa sababu ya ile simu ya Binti supu ilikuwa imewekwa juu ya moto mdogo, na mtu alikuwa amesimama mlangoni na tochi. Mezani Bibi alisema mara moja tu, bila lawama: "Huku kivuko chenda kulala kama mtu."

Karatasi ya Kijana

Usiku uleule, juu ya karatasi ya kutandika mezani, Kijana alichora mstari mmoja mrefu kutoka 2226 hadi 1929. Kila daraja aliliwekea mkato, kila kivuko pembetatu, kila bwawa linalovukika kisanduku. Nilimpa namba kutoka ramani, yeye akaziweka. Nimeona ramani nyingi za Danube, zenye rangi na picha za majumba, na hakuna iliyowahi kunionyesha kile kipande cha karatasi chenye mchuzi kilichonionyesha: mahali mikato inaposongamana na mahali inapokosekana. Kati ya Melk na Krems, miji miwili ya mbele yetu, zaidi ya kilomita 30, palikuwa na pembetatu tu. "Hapa tutalala nje," Kijana akasema.

Asubuhi tulifanya mabadiliko matatu. Siku sita zikawa nane. Nyumba moja ya mbele haikuturudishia pesa ya usiku uliohama, tukakubali. Mizigo ya Bibi ikatumwa kwa gari kutoka kituo hadi kituo. Na kiti kikapandishwa. Bibi alikuwa amejaribu kukunja leso juu yake, lakini mikunjo ilimfinya zaidi, Mjomba akaiondoa, akapandisha kiti vidole viwili, akainamisha pua yake kidogo sana, akamwambia, "Dada, jaribu hadi kwenye ule mti urudi." Alirudi akiwa kimya, na kwa Bibi ukimya ndio ukubali.

Siku za katikati

Ottensheim, kabla ya Linz, kuna kivuko kisicho na injini. Kamba ya chuma imetandazwa juu ya mto, chombo kimening'inizwa kwayo, na nahodha anakigeuza tu kikae mshazari, mkondo ukikisukuma ubavuni kinaserereka hadi upande wa pili. Hatukuwa na haja ya kuvuka pale. Tulivuka kwa sababu Bibi alitaka kuona kazi yake, na alisimama ukingoni mwa sitaha akitazama jinsi maji yanavyojikunja kwenye ubao. Alisema hiki ni kama ngalawa inayokwenda kwa upepo wa ubavu. Ndivyo hasa.

Mauthausen tulipanda kilima hadi kwenye kambi ambako Wanazi waliwafunga watu wapatao 190,000 kati ya 1938 na 1945. Si chini ya 90,000 walikufa. Kijana hakuzungumza mpaka jioni. Kilomita za siku ile zilikuwa chache makusudi.

Kutoka hapo hadi Melk hakuna cha kusimulia zaidi ya mvua. Ilinyesha siku mbili mfululizo.

Uamuzi wa Melk

Hapa ndipo karatasi ilipopata kazi. Wachau, bonde lililo kati ya Melk na Krems, limo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, lina mashamba ya mizabibu yaliyopandishwa kwa ngazi za mawe na miti ya aprikoti kila upande. Mpango wangu wa awali ulikuwa ukingo wa kusini, wenye utulivu zaidi, kisha kivuko cha kamba hadi Weißenkirchen upande wa kaskazini tulikolala. Lakini maji yalikuwa ya kahawia na yamepanda, na vivuko vya aina hii husimamishwa mto ukichafuka. Kama kingefungwa, tungelazimika kwenda hadi daraja la Mautern, penye Krems, na kurudi upande wa pili: kilomita 20 hivi za kuzunguka, katika mvua.

Daraja lilikuwa pale Melk. Ukingo wa kaskazini una njia inayosindikizwa na barabara sehemu nyingi, ina watalii wengi Dürnstein, lakini pia ina reli ndogo ya msimu inayobeba baiskeli. Binti aliipenda kusini, na mimi pia. Tukavuka kaskazini. Tuliamua kabla ya chai, tukiwa tumekaa, tumeshiba, na daraja liko dirishani, si gatini kwenye giza.

Weißenkirchen tulikuta chombo kimefungwa ukingoni, kamba yake tupu juu ya mto, na gogo zima lenye matawi likipita chini yake kwa kasi ya mtu anayekimbia.

Matokeo

Tulipita chini ya magofu ya ngome ya Dürnstein, alikofungwa mfalme Richard wa Uingereza majira ya baridi ya 1192, tukafika Krems bila jeraha. Hapo Bibi akasema imetosha. Alikuwa amekwenda zaidi ya kilomita 220. Yeye na Binti wakapanda treni na baiskeli zao hadi Vienna. Mjomba, Kijana na mimi tukaendesha siku mbili zilizobaki, tambarare tupu juu ya kingo za mafuriko, kupitia Tulln. Tulikutana kwenye Donauinsel, kisiwa cha kilomita 21 kilichotengenezwa kwa mikono ya watu ili kuikinga Vienna na mafuriko, na Bibi akamalizia pamoja nasi, leso inapepea, hakuna gari.

Uchambuzi

Kosa halikutokea Au. Kule tulikuwa tunalipa tu. Lilitokea Niederranna, pale Bibi alipouliza kama hatuvuki, nami nikajibu bila kushuka. Lile lilikuwa daraja la mwisho kabla ya kutegemea kivuko, na mahali kama hapo ndipo pa kusimama, kutazama saa, na kupiga simu. Kilomita saba baadaye uchaguzi ulikuwa umebaki wa kubana na kubanana. Aliyeuliza swali sahihi alikuwa mtu asiyejua njia, na nadhani nilimjibu haraka kwa sababu hiyohiyo.

Kuna jambo zaidi ambalo watu wanaopenda njia zisizo na magari, na mimi ni mmoja wao kwa moyo wote, hatulisemi vya kutosha. Kwenye barabara, kosa la mpango husahihishwa na barabara yenyewe: basi litapita, pikapu itasimama, kuna njia ya mkato. Ukiyaondoa magari umeondoa na msaada unaokuja kwa gari. Mlango wa kutokea unakuwa daraja, kivuko au kituo cha treni, na milango hiyo iko mbalimbali. Mimi nilipanga kwa kilomita na uwezo wa miguu, kama vile tunakwenda barabarani. Njia ya mtoni hupangwa kwa mahali pa kuvukia kwanza, kisha ndipo kilomita.

Kuchelewa kwa asubuhi wengine wamemtupia Mjomba. Sikubali. Ukaguzi wake ndio uliotupa taa tano zinazowaka na breki zinazoshika usiku wa ukungu. Duka lilikula saa zetu zaidi yake. Kilichokosekana ni mimi kusema saa 7 na nusu: mpango wa leo umekufa, tupite ukingo wa kusini. Ingechukua dakika moja.

Simu ya Binti kwa nyumba ya kulala ilifaa kuliko uamuzi wangu wowote wa jioni ile. Kujua kwamba kuna mtu anakungoja hubadilisha kilomita 15 za giza. Kuikataa njia ya msituni nako kulikuwa sahihi. Mwaka uliofuata nilirudi Au mchana, nikaitembea hatua mia kadhaa kwa miguu, na hata nusu ya baiskeli ile nisingeipitisha.

Lililoshindikana hadi mwisho ni kiti. Tulichelewa siku nzima kukisikiliza, na mwili ukishachubuka hausahau kwa sababu fundi amepata kipimo. Baiskeli ya umeme ilituficha hilo: miguu ya Bibi haikuchoka, kwa hiyo sote, hata yeye, tulidhani bado ana nguvu. Motari haimsaidii mtu anapokalia. Siku mbili za kujaribu karibu na nyumbani, saa moja moja, zingetuambia yote haya kabla ya Passau.

Sasa familia inazungumzia pwani ya Ufaransa, na Kijana ameanza karatasi nyingine. Hapo mlango wa mto Gironde huvukwa kwa feri, na kaskazini zaidi kuna njia ya Gois, zaidi ya kilomita 4 juu ya kitanda cha bahari hadi kisiwa cha Noirmoutier, ambayo hufunikwa na maji mara mbili kwa siku. Kijana aliniuliza jinsi ya kuijua saa ya kupita. Nilianza kumtafutia majedwali, lakini Bibi, kwa simu kutoka Likoni, alikwisha kumwambia aanze na mwezi: aandike siku za bamvua na siku za maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, maana maji ya bamvua hukauka sana na hurudi kwa haraka. Karatasi mpya ina safu moja zaidi kuliko ile ya Danube, na juu yake kumechorwa miezi midogo kwa penseli.